Mkia wa Saa Moja

Palikuwa na nchi, na nchi ile ilikuwa na redio. Wapo waliosema ni redio ndiyo iliyokuwa na nchi, lakini hao walisemea chini, na wengi wao hawajasikika tena.

Redio yenyewe ilikuwa moja tu, Sauti ya Taifa. Kila saa ilipotimia ilijitambulisha kwa maneno kumi na mawili, sawasawa na saa za mchana: "Hapa ni Sauti ya Taifa, kutoka Mji Mkuu. Taifa moja, saa moja." Mtu akikaa peke yake chumbani, akawa anajitaja jina kila saa, jirani zake humwitia shehe amsomee. Serikali ikifanya hivyo huitwa utambulisho, na una wizara yake, Wizara ya Majira na Utambulisho. Maneno yale hayakuongezwa wala kupunguzwa. Mtangazaji mmoja alikohoa baada ya neno "Taifa", akaonekana ametoa maoni. Mpaka leo yuko ndani, wanasema anatibiwa kikohozi.

Kabla ya utambulisho huja milio sita. Mitano mifupi, pi, pi, pi, pi, pi, na wa sita mrefu, piiii. Ule mrefu watu wa redio waliuita mkia. Kanuni ilisema hivi: saa haijaingia mpaka mkia ulie hewani. Milio mitano bila mkia ni kelele tu.

Aliyeilia nchi milio hiyo alikuwa mwanamke mmoja, Bi Siwema binti Athmani. Mumewe alikuwa fundi mitambo hapo hapo redioni. Alipofariki, wakubwa walikuja matangani, wakala, wakaondoka, na wiki iliyofuata wakampa mjane kitufe badala ya pole. Miaka ishirini na miwili alikaa katika chumba cha ukubwa wa kabati, kitufe cheusi mbele yake, tasbihi mkononi, na saa ya mishale ukutani.

Ile saa ya mishale aliisoma kama tunavyosoma sisi sote. Mshale mfupi ukilala kwenye moja, yeye husema saba. Ukilala kwenye saba, husema moja. Jicho linaona hili, ulimi unataja la upande wa pili, na hakuna aliyewahi kuchelewa mazishi kwa sababu hiyo.

Siku moja ukaja mtambo.

Ulikuwa zawadi ya marafiki wa ng'ambo, sanduku la rangi ya fedha linalong'aa, halina mishale, lina tarakimu nyekundu. Ulitakiwa ulie wenyewe, lakini kipande chake cha kulilia kilipotea bandarini, kwa hiyo ikaamuliwa uonyeshe tu, na Bi Siwema aendelee kulia kwa niaba yake. Waziri wa Majira alikuja kuuzindua akiwa na msafara wa magari kumi na moja. Zulia likatandikwa mpaka kwenye mlango wa kabati. Utepe ukakatwa mchana kweupe, watu wakitoka jasho, na wakati huo huo mtambo ukaandika 1:00.

Waziri akavaa miwani, akasoma, akageukia kamera.

"Ndugu wananchi, sasa ni saa moja usiku."

Watu wakapiga makofi. Wengine walitazama dirishani kwanza, ndipo wakapiga.

Bi Siwema aliinua mkono. Hakuwa na ujasiri wa kupita kiasi. Alikuwa na mazoea tu ya kusema saa ilivyo. "Mheshimiwa, samahani. Mtambo huu unahesabu kwa hesabu ya kwao. Moja yao kwetu ni saa saba, saa saba mchana. Adhana ya adhuhuri imetoka sasa hivi."

"Mama, unaona nini hapo?"

"Naona moja, Mheshimiwa."

"Saba iko wapi?"

"Saba iko upande wa pili."

Waziri akazunguka nyuma ya mtambo. Akakuta nyaya na vumbi kidogo. Akarudi mbele polepole. "Upande wa pili hakuna kitu. Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana unaona saba kila mahali."

Kicheko kilichopigwa hapo kiliandikwa katika magazeti kuwa kicheko cha kitaifa. Waziri akaendelea kuhutubia. Alisema babu zetu walikuwa wanasoma saa kinyumenyume, na taifa linalosoma saa kinyume litaendelea vipi mbele? Alisema tarakimu hazina upendeleo. Mwandishi mmoja mgeni wa kazi akauliza, "Na jua, Mheshimiwa?" Waziri akajibu bila kukunja uso kwamba jua limepewa miezi mitatu lijirekebishe. Mwandishi yule naye hakuonekana tena kazini.

Sasa, hili lingekuwa jambo la kuchekea nyumbani, kama nchi ile isingekuwa na amri ya usiku. Tangu mwaka wa fujo za mkate, ilikatazwa kutembea nje kuanzia saa moja usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Askari kwenye vizuizi waliweka redio juu ya magunia ya mchanga. Mkia ukilia, anayetembea hupigwa risasi. Amri ilitaja saa, haikutaja giza.

Hivyo usiku ukahamia mchana.

Saa sita za adhuhuri zikawa saa kumi na mbili jioni, na saa saba ikawa saa moja ya usiku. Taa za barabarani ziliwashwa jua likiwa utosini. Polisi walitembea na kurunzi, wakimulika nyuso zilizokuwa zimemulikwa tayari na Mwenyezi Mungu. Watoto walikwenda shule katika giza la kweli na kufundishwa kwamba wanaona. Ulipofika mwezi wa kufunga, kamati ya wizara ikatangaza kwamba futari ni adhuhuri, na kwamba Kiongozi ameupunguzia umma saumu kwa huruma yake. Majogoo walioendelea kuwika kwa saa za zamani walikamatwa nyumba hadi nyumba na kuchinjwa, kosa lao kutangaza bila leseni.

Bi Siwema alifunga kwa jua na kuswali kwa kivuli. Kivuli cha mlingoti wa redio kilipita katika dirisha lake dogo kila siku, hakikupata barua ya wizara. Lakini kidole chake kilikuwa cha serikali. Tarakimu zikiandika 1:00, alibonyeza. Mitano, kisha mkia.

Wiki ya tatu, mkia wake ulimkuta mzee Foumu barabarani. Huyu alikuwa mshona viatu wa mtaa mmoja naye, kiziwi wa sikio moja, na sikio zima siku ile lilikuwa upande wa ukuta. Alikuwa anavuka barabara kumrudishia mtu ndara zake. Risasi moja. Usiku wa kweli, amri ilipokwisha, Bi Siwema alipofika nyumbani alizikuta ndara pale pale, zimeunganishwa kwa uzi mpya, hakuna aliyethubutu kuziokota.

Kesho yake taarifa ilisomwa hewani na Kitwana, mtangazaji wa zamu: "Askari hawakuweza kumtambua marehemu kutokana na giza nene."

Kitwana alikuwa na sauti ya asali na mwili wa ufito. Alipotoka studio alikwenda kwenye kabati la Bi Siwema, akajiegemeza mlangoni.

"Dada, umenisikia?"

"Nimekusikia. Nene?"

"Waliandika 'giza'. Nikaona nikisoma giza tupu nitacheka. Nikaongeza nene ili nipate kulia."

"Usiongeze maneno, Kitwana. Watakutibu kikohozi."

Kitwana akakitazama kitufe cheusi. "Na wewe je?"

"Mimi ndiye niliyebonyeza," alisema Bi Siwema. "Wewe ulisoma tu. Mimi nilibonyeza."

Kitwana akamwachia nusu ya andazi lake.

Na Bi Siwema alikuwa na hofu nyingine, ya nyumbani. Mwanawe wa pekee, Raya, alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Alikaa ng'ambo ya mto. Hospitali ya wazazi ilikuwa ng'ambo hii, na katikati palikuwa na Darajani, kizuizi kikubwa kuliko vyote. Uchungu ungemshika baada ya mkia, Raya angezalia chini au angefia njiani. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa damu nyingi, na mkunga alikwisha sema: huyu azae hospitali, nyumbani hapana.

Siku moja walipokuwa wakinywa chai, Kitwana alimtania. "Mjukuu akija utampa jina langu?"

"Jina la ufito? Wa kiume watajua wenyewe kwa baba yake. Wa kike ni langu mimi, ni Subira."

"Zuri hilo. Na Raya mwenyewe amekubali?"

"Amekubali. Ila kwetu kuna jambo." Bi Siwema alizungusha kikombe. "Mama akitangulia mbele ya haki, mtoto akabaki, mtoto huchukua jina la mama. Ndivyo nilivyopewa mimi la mama yangu. Namwomba Mungu nisisikie Raya wa pili."

"Hutamsikia," alisema Kitwana, na safari hii hakutania.

Bi Siwema alikwenda kuomba kibali cha kutembea usiku. Karani alikuwa na mihuri minne na subira ya mtu asiyezaa.

"Mgonjwa ataugua lini?"

"Si ugonjwa, mwanangu. Ni kuzaa."

"Lini, saa ngapi? Fomu inataka saa. Maombi huletwa siku tatu kabla ya dharura."

"Nani anayejua saa ya kuzaa?"

Karani alimtazama kwa masikitiko. "Mama, wewe si ndiye wa saa? Ukikosa kujua wewe, tumuulize nani?"

Akarudi mikono mitupu. Akawa anaomba kila sijda jambo moja: uchungu uje asubuhi.

Haukuja asubuhi.

Ilikuwa Jumanne, mtambo umeandika 12:38. Simu ya kabatini ikalia. Alikuwa Bi Kiponda, jirani yake Raya, anahema.

"Bi Siwema, mtoto anakuja. Na damu inakuja mbele yake. Tumempakia kwenye mkokoteni, mkwe wako anasukuma. Mimi napiga simu dukani kisha nawakimbilia."

"Mko wapi?"

"Sokoni hapa. Mpaka Darajani ni nusu saa kwa mkokoteni, na barabara ni mashimo. Dada, tunasalimika na saa moja yenu?"

Bi Siwema alizitazama tarakimu. Sokoni hadi Darajani, nusu saa. Saa moja ya serikali, dakika ishirini na mbili.

"Nendeni," akasema. "Msisimame. Hata iweje, msisimame."

Akaweka simu. Kupitia kioo aliweza kumwona Kitwana studio, amevaa vifaa vyake masikioni, karatasi ya maneno kumi na mawili mbele yake ingawa aliyajua usingizini. Mtambo ulipoandika 12:58, Bi Siwema akainua vidole viwili kumwonyesha dakika mbili, kisha akaugusa tumbo lake mwenyewe, akaonyesha upande wa mto. Kitwana alikunja uso, halafu uso ukamkunjuka wote, akaelewa.

12:59. Bi Siwema alisoma bismillahi. Sekunde zikashuka.

Pi. Pi. Pi. Pi. Pi.

Akaondoa kidole.

Nchi nzima ikabaki imefungua mdomo.

Siku zile hapakuwa na kimya kirefu kama hicho hewani. Waziri alikuwa mezani, na alisimamisha kijiko kati ya sahani na meno, kwa sababu hakujua kama anakula cha mchana au cha usiku. Wanaowasha taa za barabarani walisimama mikono kwenye swichi. Muadhini mmoja alivuta pumzi kubwa, akashindwa pa kuitolea. Kitwana alikaa mbele ya kipaza sauti, mikono magotini, akisubiri mkia kama kanuni inavyotaka. Mtu mtiifu kuliko yeye hapakuwa.

Bi Siwema alipiga komeo, akashika tasbihi. Hakuhesabu dakika, alihesabu shanga. Thelathini na tatu. Thelathini na tatu tena. Nje ya mlango zikaja sauti, kwanza ya adabu.

"Bi Siwema? Mkia vipi?"

"Nauvuta," akasema. "Ni mrefu leo."

Kisha sauti za mabuti. Kisha Mkurugenzi wa redio mwenyewe: "Mama, unaiweka nchi kwenye jioni! Unajua maana yake? Nchi nzima iko jioni!"

"Basi waambie waswali, jioni ni wakati mzuri."

Alikuwa kwenye mzunguko wa tisa wa tasbihi mlango ulipovunjika. Walimkuta ameukalia mkono wake wa kulia, wakalazimika kumnyanyua mzima mzima. Mkurugenzi akarukia kitufe akabonyeza kwa kidole gumba. Piiiii. Lakini kanuni yake mwenyewe ilisema mkia hufuata milio mitano papo hapo. Mkia uliokuja peke yake, baada ya dakika ishirini na tatu, haukuwa mkia wa kitu chochote. Wanasheria walijadiliana mpaka saa mbili ikaingia. Siku ile, katika nchi ile, saa moja haikuwapo.

Siku tatu Bi Siwema alikaa selo bila kuambiwa lolote. Hakuna aliyeruhusiwa kumtembelea. Redio ya mlinzi wa kike ilining'inia kwenye msumari ukumbini, na kila saa ilijitambulisha kwa sauti nyingine, kavu, si ya Kitwana. Kitwana alikuwa anahojiwa. Bi Siwema hakulala. Akifumba macho aliona mkokoteni. Akifumbua aliona ndara za mzee Foumu.

Siku ya tatu akapelekwa mahakamani. Shitaka: kuuzuia usiku usiingie.

Shahidi alikuwa koplo wa Darajani, kijana wa masharubu mapya. Alieleza kwamba milio mitano ililia, akakoki bunduki, akasubiri wa sita. Mkokoteni ukatokea, una mwanamke amelala, damu inachuruzika kwenye gurudumu.

"Kwa nini hukufyatua?" aliuliza mwendesha mashitaka.

"Afande, haukuwa usiku."

"Ulikuwa mchana?"

"Hapana, mchana ulikuwa umekwisha lia mitano."

"Basi ulikuwa nini?"

Koplo akafikiri sana. "Hakukuwa na kitu, afande. Nikawauliza wenzangu kama tunaruhusiwa kuua mtu wakati hakuna kitu. Hakuna aliyejua. Wakapita."

Wakapita. Bi Siwema alishika ubao wa kizimba. Walivuka. Lakini damu kwenye gurudumu?

"Alikuwa hai?" akauliza kwa sauti kubwa, na hakimu akagonga meza.

"Mshitakiwa haulizi, huulizwa."

Koplo alimtazama, akainua mabega kidogo. Hakujua.

Hukumu ilikwama kwenye fomu. Fomu ya mashitaka ilikuwa na nafasi inayosema: kosa lilitendeka saa ngapi. Karani alitaka kuandika saa moja, hakimu akamkumbusha kwamba saa moja haikuingia. Akataka kuandika saa kumi na mbili na ushei, mwendesha mashitaka akasema kama ni saa kumi na mbili basi hapakuwa na usiku wa kuzuia na kosa halipo. Hakimu alifuta jasho, akahukumu kwa hekima: mshitakiwa atakaa ndani mpaka saa ya kosa lake ipatikane. Tume ya watu tisa ikaundwa kuitafuta. Nasikia inaendelea vizuri.

Akarudishwa selo. Kivuli cha nondo kilimwambia ni adhuhuri; redio ikajiandaa kumwambia ni jioni. Milio mitano ikalia, na mkia, mtu mwingine kabonyeza. Halafu ikaja sauti ya asali. Kitwana. Walikuwa wamemrudisha kazini, maana katika mahojiano ya siku tatu hawakumkuta na kosa ila kusubiri.

"Hapa ni Sauti ya Taifa, kutoka Mji Mkuu. Taifa moja, saa moja."

Ikafuata pumzi.

"Subira."

Mlinzi akageuka kuitazama redio kana kwamba imemtemea mate. "Kaongeza neno! Mungu wangu, huyu ataozea humu humu."

Bi Siwema alikuwa amekwisha kaa chini. Si Raya. Hakusema Raya. Subira.

Kitwana aliitwa wizarani kabla shibe ya chakula chake haijashuka. Alieleza kwamba, kufuatia saa iliyopotea, wananchi walikuwa na mashaka, na yeye aliona vema Serikali iwaase wavumilie. Waziri alilirudia neno lile mara tatu, akilionja. Subira. Mkate haupatikani: subira. Jua halijajirekebisha: subira. Wenye watu wao magerezani: subira. Akauliza kwa nini neno zuri kama hili halikutungwa na wizara. Siku hiyo hiyo likatungwa na wizara. Amri ikatoka kwamba utambulisho wa taifa sasa una maneno kumi na matatu, na atakayelipunguza la mwisho atashitakiwa.

Kitwana akavalishwa nishani. Darajani wakaongezwa askari, wakapewa kitufe chao wenyewe cha kujibonyezea. Wiki hiyo waliwaua watu wanne kwenye mwanga mzuri kabisa, na Kitwana akasoma taarifa zao, bila kuongeza kitu, kisha akajitambulisha.

Mara ishirini na nne kila siku, kutoka magunia ya mchanga, kutoka madukani na maofisini, kutoka msumari wa ukumbi wa gereza, Serikali ilimtajia Bi Siwema jina la mjukuu wake. Na kila ilipolitaja, midomo yake ilitikisika.

Mlinzi alivumilia siku kadhaa, mwishowe akasogea kwenye nondo. "Wee bibi, mbona kila wakisema subira unanong'ona? Unaapiza?"

"Siapizi, mwanangu."

"Unafanya nini basi?"

"Naitika," alisema Bi Siwema.